Gemu ni langu, nacheza peke yangu: kwa nini linaniomba intaneti?

SWALI: Shikamoo kaka. Shemeji yangu aliniletea gemu la kompyuta kutoka Dubai, boksi zuri limefungwa na nailoni yake. Kufungua, diski hamna, kuna kikaratasi chenye namba tu. Nikaambiwa nifungue akaunti kwenye duka la mtandaoni, halafu akaunti nyingine ya kampuni iliyotoa gemu, ndipo nianze kulipakua. Bando nililochoma usiniulize. Sasa gemu lipo, ila kila nikilifungua linataka intaneti, na mimi nacheza peke yangu, sina mpango na mtu yeyote huko mtandaoni. Bando likikata, gemu nalo linakata. Washkaji wananicheka, wao wamewekewa magemu ya krak, yaani yaliyovunjwa ulinzi, kibandani kwa hela ya soda na yanacheza hata porini. Hivi hawa watu wana haki ya kutufanyia hivi? Na mimi hapo nimemiliki nini hasa? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa bando.

Nianze na swali lako la mwisho, maana jibu lake ni fupi ingawa halipendezi. Shemeji yako alikununulia ruhusa ya kulitumia gemu, kwa masharti yaliyomo kwenye ule mkataba mrefu ambao sote tunabofya "Nakubali" bila kuusoma. Mara nyingi sharti mojawapo ni kwamba mwenye mali anaweza kuiondoa ruhusa hiyo. Kisheria hilo halikuanza leo, hata diski za miaka ya tisini zilikuja na leseni. Ila zamani hakuna kampuni iliyoweza kuja hadi sebuleni kwako kuichomoa diski. Siku hizi njia ya kuja ipo, ndiyo hiyo intaneti unayoombwa kila siku.

Jimbo la California huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kazi Januari 2025, inayotaka maduka ya mtandaoni yamwambie mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Zingatia nani hakuguswa na sheria hiyo: duka linalokupa faili ukapakua, ukalihifadhi mwenyewe na kulitumia milele bila kuwarudia tena. Wabunge wale walijua mpaka uko wapi, na ndio mpaka huohuo wachezaji wanaoupigania.

Ugomvi wenyewe una zaidi ya miaka ishirini. Kampuni ya Valve ilizindua Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta (nadhani ndilo ulilofungua akaunti), Septemba 2003, na Novemba 2004 ikatoa gemu la Half-Life 2. Hata aliyenunua diski dukani alilazimika kujiunga na Steam kabla ya kucheza. Siku ya kwanza seva, yaani kompyuta za kampuni zinazowahudumia wachezaji, zikazidiwa, watu wakabaki wamekaa mbele ya gemu lililokwisha kusakinishwa lakini halifunguki. Steam ilitukanwa sana kipindi hicho. Leo wengi wa waliotukana wana mamia ya magemu humo. Kilichobadilika ni kwamba Valve ilianza kulipa fadhila: gemu linajisasisha lenyewe, ulipofikia panakufuata ukibadili kompyuta, bei zinashushwa kweli kweli, na tangu 2015 unaweza kurudishiwa hela ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa mbili. Gabe Newell, mwanzilishi wa Valve, amerudia kusema kwamba uharamia unatokana zaidi na huduma mbovu kuliko bei. Kwa sehemu kubwa nakubaliana naye, ingawa mtu wa Morogoro anayelipa kwa dola angekuwa na neno la kuongeza kuhusu bei.

Tatizo la mabishano haya ni kwamba watu hutupa makufuli, yaani mbinu za kumzuia asiyelipa asicheze, ya aina mbalimbali kwenye kapu moja. Ukibofya gemu la Steam lenye kufuli la kawaida, kinachotokea ni hiki: faili kuu la gemu linaiuliza programu ya Steam iliyo ndani ya kompyuta yako hiyohiyo, "mwenye akaunti hii analo gemu hili?" Steam ikijibu ndiyo, gemu linafunguka. Jibu hilo linaweza kutolewa bila intaneti kabisa, kwa sababu Steam ina hali ya nje ya mtandao. Unachotakiwa ni kuwa umeingia mtandaoni kwenye kompyuta hiyo kabla, umelifungua gemu angalau mara moja, na hakuna sasisho lililokatikia njiani. Hilo la sasisho ndilo linalowakamata wengi: bando linaisha sasisho likiwa nusu, na Steam inagoma kulifungua gemu mpaka limalizike. Tena Valve haimlazimishi mtengenezaji kuweka kufuli hilo. Yapo magemu ya Steam ambayo ukinakili folda lake kwenye flashi, linacheza kwenye kompyuta isiyo na Steam.

Kwa hiyo kero yako, kwa jinsi ulivyoieleza, inaanzia kwenye ile akaunti ya pili. Kampuni kubwa nyingi ziliona Steam inavyonufaika kwa kukaa katikati yao na mteja, nazo zikataka kukaa hapo. Matokeo yake unafungua Steam, Steam inafungua programu ya kampuni, programu ya kampuni inadai isasishwe, inataka nywila, inatuma namba ya siri kwenye barua pepe, ndipo gemu liamke. Hiyo programu ya pili haikupi chochote ambacho ya kwanza haikukupa. Sijawahi kusikia mchezaji akiisifu.

Halafu lipo kufuli baya kuliko yote, la gemu la mtu mmoja linalotaka intaneti muda wote. Ubisoft walilileta kwenye kompyuta mwaka 2010 na magemu kama Assassin's Creed II. Mwanzoni mtandao ukiyumba kidogo tu gemu linakutupa nje, na hatua ulizopiga tangu mara ya mwisho kuhifadhi zinapotea. Mwezi huohuo wa Machi seva zao zikashambuliwa zikalala, na waliolipa wakashindwa kucheza. Mwaka 2012 kampuni ikasema imeachana na mtindo huo. Lakini Mei ya mwaka huohuo Blizzard wakatoa Diablo III, na ulimwengu mzima ukajifunza namba 37, yaani namba ya kosa iliyotokea kwenye kioo usiku wa kwanza watu walipojaribu kuingia. Machi 2013 ikafuata SimCity, gemu la kujenga mji. EA na Maxis, kampuni zilizolitoa, walieleza kwamba gemu haliwezi kukaa bila mtandao kwa sababu seva zinasaidia kupiga hesabu za mji. Hazikupita siku nyingi, mchezaji mmoja mjuzi akaonyesha kwamba mji unaendelea kuishi bila seva. Mwaka mmoja baadaye EA wenyewe wakatoa sasisho la kucheza nje ya mtandao. Kile walichosema hakiwezekani kiliwezekana, ila kwa wengi hamu ilishakwisha.

Kabla ya hapo kulikuwa na zama za kuhesabiwa. Spore ya mwaka 2008 ilikuja na SecuROM, kufuli lililoruhusu gemu kusajiliwa mara tatu tu. Badilisha kompyuta, imehesabiwa. Windows ikiharibika ukaiweka upya, imehesabiwa. Ya nne upige simu uombe. Wanunuzi walivamia ukurasa wa gemu hilo kule Amazon wakaligawia nyota moja moja kwa maelfu, EA wakaongeza idadi hadi tano na baadaye wakatoa kifaa cha kurudisha usajili. Wakati huohuo Spore ya krak ilikuwa mtaani hata kabla ya siku rasmi ya kutoka, na TorrentFreak, tovuti ya habari za uharamia, walilitaja kuwa gemu lililopakuliwa kiharamia kuliko yote mwaka ule. Yaani kufuli lilimbana aliyelipa na kumwacha aliyeiba apite. Hoja hiyo ndiyo moyo wa malalamiko yote ya wachezaji, na hadi leo sijaona kampuni iliyoijibu vizuri kwa upande wa makufuli yale ya zamani.

Kwa makufuli mapya mambo si mepesi hivyo, na hapa lazima niwatendee haki wenye magemu. Denuvo, inayotengenezwa Austria, ilianza na FIFA 15 mwaka 2014. Hii husukwa ndani ya gemu lenyewe, hapa na pale, hata mvunjaji asijue aanzie wapi. Magemu mengine yenye Denuvo yalikaa miezi bila kuvunjwa. Kwa nini walipe hela yote hiyo wakati wanajua siku moja litavunjwa? Kwa sababu mauzo ya gemu kubwa hujaa mwanzoni. Utafiti mmoja uliotoka 2024 ulikadiria kwamba gemu lenye Denuvo likivunjwa katika wiki ya kwanza hupoteza kwa wastani kama asilimia 20 ya mapato, na kwamba baada ya wiki 12 hasara inakaribia sifuri. Asilimia 20 ni mishahara ya watu, siwezi kuipuuza. Lakini soma na nusu ya pili ya matokeo hayo: baada ya miezi mitatu kufuli halina kazi tena. Basi liondolewe! Baadhi ya kampuni huliondoa kimyakimya, nyingine huliacha miaka nenda rudi, likiendelea kuomba kibali kila ukibadili kitu kwenye mashine.

Na mara nyingine kufuli linalemaza gemu. Resident Evil Village ilipotoka 2021, wanunuzi wa kompyuta walilalamika kwamba linakwamakwama unapowapiga maadui. Ikatoka krak, na ndani ya krak gemu likateleza. Wapimaji wa Digital Foundry wakalinganisha matoleo hayo mawili, wakathibitisha. Capcom, wenye gemu, wakatoa sasisho la kurekebisha. Fikiria aliyelipa bei kamili anasubiri wiki kadhaa ili apate ubora ambao aliyeiba ameshaupata.

Sasa kuhusu haki. Mimi naona kampuni ina haki ya kuhakikisha umelipa. Haki ya kukuuliza kila siku kama ulilipa, sioni inatoka wapi, hasa unapocheza peke yako. Na kinachonikera kuliko bando ni kwamba kufuli la namna hii linaunganisha uhai wa gemu na mashine ya mtu mwingine. Mashine hiyo ina umeme wa kulipiwa, mafundi, na bosi anayeangalia mahesabu, na siku bosi akisema inatosha, imekwisha.

Ushahidi upo. The Crew ni gemu la magari la Ubisoft lililotoka Desemba 2014, lenye ramani kubwa ya Marekani ambayo unaweza kuizunguka peke yako kwa wiki nzima. Lilihitaji seva muda wote. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na siku chache baadaye watu wakakuta hata leseni imeondolewa kwenye akaunti zao. Gemu walilolinunua wenyewe! Ndipo Ross Scott, Mmarekani anayetengeneza video za magemu, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games. Haidai seva ziwake milele. Inadai kwamba kampuni ikichoka, iliache gemu katika hali inayochezeka. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni moja Julai 2025. Chama cha kampuni za magemu cha Ulaya kilijibu kwamba seva za watu binafsi zina hatari za kiusalama na kisheria, na kwamba baadhi ya magemu yameundwa kuishi mtandaoni tu. Kwa gemu la watu mia wanaopigana kwa pamoja, nawaelewa. Kwa mtu anayeendesha gari peke yake barabarani, hapana. Na Ubisoft wenyewe wakaja kuiwekea The Crew 2 hali ya kucheza nje ya mtandao mwaka 2025, kwa hiyo uwezo walikuwa nao.

Hata kufuli ambalo halikutegemea seva linaweza kufa. Windows 10 ilipokuja 2015, Microsoft waliacha kuunga mkono SafeDisc, kufuli la diski nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kuwa kiendeshi chake (programu ndogo inayokaa ndani ya Windows) kilikuwa tundu la usalama. Ukiwa na diski halisi ya zama hizo, uliyoinunua kwa jasho lako, ukiiweka leo kuna uwezekano haitafunguka. Nakala iliyovunjwa inafunguka.

Hapo washkaji zako wana hoja, nami nawapa nusu yake tu. Kinachowaponza ni kibanda. Angalia fundi anavyofanya: jambo la kwanza kabla hajachomeka diski yake ni kuzima antivirus. Anasema "inasumbua krak", na pengine ni kweli, lakini tangu dakika hiyo hakuna anayejua kingine kilichoingia. Kompyuta inayovuma kama jenereta wakati hujafungua kitu, mara nyingi kuna programu inayochimba sarafu za kidijitali kwa ajili ya mtu mwingine, kwa umeme wako. Pia gemu la krak halisasishwi, hitilafu likitoka nazo linabaki nazo. Na kisheria, kunakili na kuuza kazi ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sikuhubirii, nakwambia tu unapoingia.

Kwa gemu ulilonalo, jaribu hivi. Ingia mtandaoni, acha masasisho yote yaishe, lile la duka na lile la programu ya kampuni. Fungua gemu hadi uingie ndani, lifunge, kisha geuza programu zote mbili ziwe katika hali ya nje ya mtandao kabla hujazima data. Zima data, fungua tena. Likikubali, zuia masasisho ya kujiendea yenyewe ili yasikushtukize. Likikataa, basi limeundwa kutaka intaneti muda wote na hakuna ujanja halali nitakaokupa. Hela nayo usiitegemee kurudi, kwani Steam hairudishi fedha za namba zilizonunuliwa nje ya duka lake. Kuliuza gemu hilo kwa mwenzako pia haiwezekani, namba ikishatumika imekufa. Ufaransa chama cha watetezi wa walaji kilishinda kesi dhidi ya Valve mwaka 2019 juu ya haki ya kuuza tena, mahakama ya rufaa ikaitengua 2022.

Kabla ya kununua jingine, fungua ukurasa wake kwenye Steam, shuka upande wa kulia. Kuna kisanduku kinachotaja kama gemu lina kufuli la kampuni ya nje, mfano Denuvo, na kama linadai akaunti ya pili. Watu wengi hukiruka. Tovuti ya PCGamingWiki pia inaeleza kwa kila gemu lina kufuli gani katika kila duka. Ukishanunua, tumia zile saa mbili kwa akili: kabla hujanogewa na gemu, kata intaneti ulijaribu. Likigoma, omba hela yako siku hiyohiyo.

Kuhusu bando, kama rafiki yako ana gemu hilohilo kwenye Steam, msilipakue mara mbili. Tangu 2023 Steam inaweza kuvuta mafaili kutoka kompyuta nyingine iliyo kwenye Wi-Fi moja na yako, hata ya rafiki, akiruhusu kwenye mipangilio. Hata Wi-Fi ya simu inatosha, data inayoliwa ni kidogo sana.

Na lipo duka la GOG, lililoanzishwa na Wapolandi wa CD Projekt mwaka 2008. Huko magemu yanauzwa bila kufuli. Unapakua kisakinishi, mara nyingi kimekatwa vipande vya GB 4, unakiweka kwenye diski ya nje, basi. Mtu aliyeko penye intaneti ya nguvu anaweza kuingia kwenye akaunti yako, akakupakulia, akakuletea mkononi. CD Projekt waliuza The Witcher 3 kwa namna hiyo tangu siku ya kwanza mwaka 2015, gemu kubwa la bei kamili, na halikuwafilisi hata kidogo. Magemu ya FIFA huko usiyatafute, hayapo.

Utauliza kama kulalamika kunasaidia. Chukua gemu la Helldivers 2. Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wachezaji wa kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Akaunti hiyo haitolewi rasmi Tanzania, Kenya wala Uganda. Barani Afrika ni Afrika Kusini tu iliyokuwa kwenye orodha. Gemu likaondolewa sokoni katika nchi na maeneo kama 177, na watu waliokwisha kulipa wakajikuta hawajui kama kesho wataingia. Maoni mabaya yakamiminika kwa mamia ya maelfu, na katika siku chache Sony wakafuta sharti hilo. Januari 2025 wakaliondoa na kwenye magemu mengine kadhaa, God of War Ragnarök likiwemo.

Kwa hiyo andika. Lakini usiandike matusi, yanachujwa. Andika kwenye ukurasa wa gemu lenyewe, kwa Kiingereza chochote ulichonacho: uko nchi gani, ujumbe gani ulitokea kwenye kioo, na kwamba ulikuwa unacheza peke yako.